Serikali huzaa mashine, lakini nani huzilea?

"Leo hakuna sistimu. Rudi kesho."

Ni maneno machache, lakini ni nadra kumpata Mkenya ambaye hajawahi kuambiwa hivyo akiwa amesimama mbele ya dirisha la ofisi ya serikali. Ameamka alfajiri, amepanda matatu mbili kutoka Githurai au Kayole, ameomba ruhusa kazini na amepanga foleni tangu saa moja asubuhi. Anapofika mbele, karani anamwonyesha kompyuta ambayo imewaka lakini haifanyi chochote. Anarudi nyumbani huku akizilaani mashine hizi za kisasa, na kutamani siku zile za daftari na kalamu.

Je, lawama hizo zinamfikia anayestahili?

Ukichunguza visa vikubwa ambapo mitambo ya serikali imeaibika nchini katika miaka ya karibuni, utaona kwamba mashine yenyewe mara nyingi ni mtuhumiwa asiye na hatia. Iliahidiwa kabla ya kupangiwa, ikanunuliwa kwa haraka au kwa kuchelewa mno, ikazinduliwa kwa ngoma na hotuba, kisha ikaachwa bila mlezi. Wakati huo wote, kijana aliyesomea kompyuta na ambaye angeweza kusema jinsi mambo yanavyofaa kwenda hakuulizwa neno mpaka siku mambo yalipoharibika.

Shida ni kwamba kila mtambo wa serikali huendeshwa kwa kalenda nne zisizopatana. Kalenda ya mwanasiasa huhesabu miaka mitano mitano, kutoka uchaguzi hadi uchaguzi. Ya mhasibu huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Ile ya sheria hufuata zabuni, malalamishi na kesi. Ya mashine nayo huhesabu umri wa betri, leseni za programu na vipuri. Kalenda hizo zinapovutana, mwananchi ndiye huambiwa arudi kesho.

Laptopu za darasa la kwanza

Mzazi ambaye mtoto wake alitarajiwa kuingia darasa la kwanza Januari 2014 hawezi kusahau ahadi ya laptopu. Katika kampeni za uchaguzi wa 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza katika shule za umma kompyuta yake. Watoto walifurahi. Wazazi wengine walianza kuwaza mahali pa kuificha isiibwe.

Muungano huo ulipochukua mamlaka, mwaka wa kwanza wa fedha ulitengewa mabilioni ya pesa kwa kazi hiyo. Zabuni ilitangazwa, na kampuni ya Olive Telecommunications kutoka India ikatangazwa mshindi kwa kima cha Sh24.6 bilioni. Washindani waliobwagwa hawakunyamaza. Walipeleka malalamishi yao kwa bodi inayoamua mizozo ya zabuni za serikali, na mapema 2014 bodi hiyo ikaifuta zabuni. Mvutano ukaendelea, na watoto wakaendelea kungoja.

Ilipofika 2016, mradi ulikuwa umebadilika sura. Laptopu ya kila mtoto ikawa kishikwambi cha shule. Kazi ya kuvileta ilipewa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kila kimoja kikishirikiana na kampuni ya kigeni. Ndipo vifaa vikaanza kusambazwa. Yule mtoto aliyeahidiwa laptopu akiingia darasa la kwanza sasa alikuwa darasa la tatu, na vishikwambi vililetwa kwa ajili ya wadogo zake.

Mgala muue na haki yake mpe. Hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 20,000. Aidha, kwa kuwa kifaa hakiwezi kufanya kazi bila umeme, serikali ililazimika kupeleka nguvu za stima au za jua katika maelfu ya shule za msingi ambazo hazikuwahi kuwaka taa. Kuna wanafunzi waliopata mwanga wa kusomea usiku kwa sababu ya kifaa ambacho wenyewe hawakukigusa.

Hata hivyo, hapo ndipo ulezi ulipohitajika. Katika shule kadhaa vishikwambi vilifungiwa kabatini, kwa kuwa mwalimu mkuu ndiye angewajibika vikiibwa. Hapakuwa na fundi wa karibu. Kifaa kilichopasuka kioo kilirudishwa ndani ya boksi kikalala humo. Kisha Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya janga la korona. Watoto wakakaa nyumbani kwa miezi mingi, wengine wakisoma kwa redio au kwa simu ya mama, ilhali vishikwambi vilikuwa vimepangiwa kutumika shuleni.

Ukiwauliza wengi, watakwambia mradi ulikwama kwa sababu ya teknolojia. Ukweli ni kwamba hakuna hata kifaa kimoja kilichokuwa kimefika shuleni wakati mvutano wa zabuni ulipoula mwaka wa kwanza na wa pili.

Aliyeumwa na nyoka

Hapa msomaji ataghadhabika na kuuliza: mbona sheria za ununuzi ziwe na mizunguko mingi hivyo? Si serikali inunue tu, kama mtu anavyoingia dukani Luthuli Avenue na kutoka na kompyuta kwapani?

Jibu liko katika historia yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ilitaka mtambo mpya wa kutengeneza pasipoti zisizoghushiwa. Kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya Euro milioni 6. Kazi ikapewa kampuni iliyojulikana kama Anglo Leasing kwa Euro milioni 30. Kashfa hiyo ilipofichuka 2004, ilibainika kwamba mkataba huo ulikuwa mmoja tu kati ya 18 iliyotiliwa shaka, mingi yao ikihusu vifaa vya usalama na mawasiliano. Machungu hayakuishia hapo. Mwaka 2014 Kenya ililazimika kulipa takriban Sh1.4 bilioni kwa wadai wa mikataba hiyo baada ya kushindwa katika mahakama za ng'ambo.

Kwa nini wezi walipenda kujificha nyuma ya mitambo? Kwa sababu kila mtu anajua bei ya gunia la mahindi, lakini ni wachache wanaojua bei ya mtambo wa pasipoti. Jambo likiwa geni kwa watu, ni rahisi kuliongezea sufuri mbili.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo maana sheria ilikazwa. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, anayehisi amedhulumiwa katika zabuni ana siku 14 za kulalamika. Bodi ina siku 21 za kuamua. Asiyeridhika anaweza kwenda Mahakama Kuu, na kutoka hapo Mahakama ya Rufaa, na kila mahakama hupewa siku 45. Hatua hizi zote ni za haki, na zote zinalinda pesa zako wewe mlipa ushuru. Tatizo ni kwamba bodi au mahakama ikiifuta zabuni, kazi huanza upya. Mtindo wa kompyuta ulioandikwa katika zabuni ya kwanza huenda hautengenezwi tena kufikia wakati wa zabuni ya tatu.

Kwa hivyo aliye ofisini amekabwa pande mbili. Akiharakisha, ataulizwa kwa nini alivunja sheria. Akifuata sheria, ataulizwa kwa nini amechelewa.

Kijana wa kompyuta

Sasa tumtazame huyo aliye katikati. Karibu kila wizara, kaunti na hospitali kubwa ya umma ina afisa wa kompyuta. Huenda ni mtoto wa jirani yako. Wazazi waliuza shamba au ng'ombe ili asome, akapata stashahada au digrii, na siku alipoajiriwa na serikali nyumbani kulichinjwa mbuzi.

Anapofika kazini, anagundua kwamba cheo chake ni cha kuitwa, si cha kuuliza. Huitwa wakati karatasi imekwama katika printa ya mkubwa. Huitwa kuweka kipaza sauti katika mkutano. Lakini mkutano wa kuamua ni mtambo gani utakaonunuliwa kwa mamilioni ya pesa, huo huitwa wakuu wa idara, wahasibu na washauri kutoka nje. Yeye huletewa mtambo ukiwa tayari umelipiwa, akaambiwa autie uhai.

Kisha kuna kitendawili cha bajeti. Pesa za serikali hugawanywa mafungu mawili: ya maendeleo na ya matumizi ya kawaida. Kununua mtambo mpya ni maendeleo, na waziri atakuja kukata utepe mbele ya kamera. Kununua betri mpya, kulipia leseni ya programu au kumpeleka karani mafunzoni ni matumizi ya kawaida, na hayo ndiyo hukatwa kwanza mkanda unapokazwa. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kualika wanahabari kushuhudia betri ikibadilishwa. Basi ofisi huwa na kompyuta tano mpya kwenye maboksi na ile moja inayofanya kazi haina leseni.

Mwezi wa Juni ukikaribia kwisha, mambo hugeuka. Pesa zisizotumiwa kufikia Juni 30 hurudi Hazina Kuu. Kila idara hukimbia kununua na kulipa. Mtambo wa malipo wa serikali, unaojulikana kama IFMIS, huelemewa na kazi, na kaunti hulalamika kwamba unakwama wakati ule ule unapohitajika zaidi. Afisa wa kompyuta hulala ofisini wiki hiyo.

Mtambo huo wa IFMIS una funzo jingine. Uliletwa ili kila shilingi ya serikali iache alama ya nani aliiomba, nani aliiidhinisha na nani aliilipa. Kwa mpango huo, mwizi angejulikana kwa nywila yake. Mwaka 2015 kulipozuka kashfa ya Sh791 milioni katika Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, hoja moja iliyozuka ni kwamba nywila ya afisa mkuu ilitumiwa na watu wengine kuidhinisha malipo. Mtambo ulikuwa umefanya kazi yake na kuandika jina. Lakini jina hilo halikuwa na maana tena, kwani mwenye nywila na mwenye kidole hawakuwa mtu mmoja.

Yeyote aliyefanya kazi katika ofisi zetu anajua jambo hili huanza kidogo kidogo. Mkubwa yuko safarini na barua inangoja. Anampigia simu karani: ingia kwa jina langu. Ni urahisi tu, na ni kuaminiana. Afisa wa kompyuta anajua ni hatari, lakini atamkemeaje mtu anayetia sahihi likizo yake?

Siasa inapoingia sebuleni

Hakuna mahali ambapo kalenda hizi nne hugongana kwa kishindo kama katika uchaguzi.

Mwaka 2012, Tume ya Uchaguzi, IEBC, iliifuta zabuni ya mitambo ya kusajili wapigakura kwa alama za vidole baada ya mvutano mrefu. Serikali ikaingilia kati na mitambo ikapatikana kwa mkopo kupitia Canada. Usajili ulianza Novemba 2012, miezi michache tu kabla ya kura ya Machi 4, 2013. Makarani walipewa mafunzo ya haraka haraka. Siku ya kura ilipofika, mitambo ya kumtambua mpigakura ilizimika katika vituo vingi kwa sababu betri ziliisha na hapakuwa na umeme wa kuzichaji. Mtambo wa kupeperusha matokeo nao ukakwama, na tume ikarudia hesabu ya karatasi. Mahakama ya Juu iliyaacha matokeo yasimame, lakini haikunyamazia jinsi vifaa hivyo vilivyonunuliwa.

Miaka minne baadaye mambo yalikuwa mazito zaidi. Chris Msando alikuwa kaimu mkuu wa teknolojia katika IEBC. Ndiye aliyejitokeza katika televisheni kuwaeleza Wakenya, kwa lugha nyepesi, jinsi mtambo mpya wa uchaguzi utakavyofanya kazi. Mwisho wa Julai 2017, siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, alitoweka. Mwili wake ulipatikana kichakani eneo la Kikuyu ukiwa na majeraha ya mateso. Aliacha mke na watoto. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Hatuwezi kusema yale ambayo hayajathibitishwa mahakamani. Lakini kifo hicho kiliwaacha wengi katika taaluma hii na hofu ambayo hawakuifunzwa chuoni. Mtu aliyeajiriwa kulinda mtambo alijikuta amebeba mzigo wa imani ya taifa zima, bila ulinzi unaolingana na mzigo huo.

Mnamo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa urais. Mojawapo ya mambo yaliyoikera ni kwamba iliagiza seva za tume zifunguliwe zikaguliwe, na tume haikutii agizo hilo kikamilifu. Kuanzia hapo neno "seva" likaingia katika mazungumzo ya kila kibanda cha chai, hata miongoni mwa watu ambao hawajawahi kuiona seva.

Kisha mwaka 2022 tume ilifanya jambo moja la busara. Picha za fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi mtandaoni, na kila mwananchi mwenye simu angeweza kujijumlishia. Ubishi haukwisha, kesi ilifika Mahakama ya Juu na wanasiasa walitupiana maneno. Lakini safari hii, badala ya kuuliza nini kimefichwa ndani ya mashine, watu walikuwa na fomu zenyewe mbele ya macho yao. Mashine haikuwa imegeuka malaika, ila waliokuwa wakiiendesha walikubali kutazamwa.

Foleni ya Huduma Namba

Familia nyingi za mjini bado zina kile kikaratasi cha Huduma Namba ndani ya droo. Kati ya Aprili na Mei 2019 Wakenya walipanga foleni ndefu wakatoa alama za vidole, picha na habari zao. Waliambiwa asiyejisajili atakosa huduma. Takriban watu milioni 37 walijisajili, na mabilioni ya pesa yakatumika.

Kama ni kazi ya mitambo na makarani, kazi hiyo ilifanyika. Lakini sheria ya kulinda habari za watu binafsi ilipitishwa Novemba 2019, miezi kadhaa baada ya habari hizo kukusanywa. Ni kama kujenga nyumba, kuhamia, kisha kwenda kutafuta ramani. Januari 2020 Mahakama Kuu iliruhusu mradi kwa sharti kwamba kanuni za kutosha ziwekwe kwanza. Kadi zilipoanza kutolewa Novemba 2020, kesi ikarudi, na Oktoba 2021 mahakama ikasema utoaji huo haukuwa halali kwa kuwa hapakuwa na uchunguzi wa madhara kwa habari za watu kama sheria inavyotaka.

Uchaguzi wa 2022 ukaleta serikali mpya, na 2023 kukaja jina jipya: Maisha Namba. Nayo ikakumbana na kesi zake. Hapana ubaya kwa serikali mpya kuwa na mawazo mapya. Lakini mwananchi ana haki ya kuuliza: ile foleni niliyopanga na mtoto mgongoni ilikuwa ya nini?

Wanaokula kwa foleni

Kuna adui mwingine wa mashine ambaye hatajwi katika ripoti nyingi. Ni yule anayekula kwa foleni.

Faili ikiwa ya karatasi, inaweza "kupotea" na "kupatikana" kwa kitu kidogo. Ofisi za ardhi zimekuwa na sifa hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2014 Ardhi House jijini Nairobi ilifungwa kwa siku kadhaa ili faili zipangwe na kukaguliwa. Aprili 2021 kukazinduliwa mtambo wa Ardhisasa, kuanzia Nairobi, ili mtu aweze kukagua hati ya shamba bila kumbembeleza mtu.

Usidhani kila mtu alishangilia. Kwa broka aliyezoea kusimama mlangoni na bahasha, mtambo kama huo ni sawa na kufungiwa duka. Watu wa aina hiyo hawahitaji kuvunja kompyuta. Inatosha kuchelewesha kuingiza faili ndani ya mtambo, au kusisitiza kwamba lazima uje pia na nakala tatu za karatasi. Ndipo unakuta ofisi ina mtambo na bado ina daftari, na mwananchi anahudumiwa mara mbili kwa kazi moja.

Penye nia pana njia

Si kwamba kila kitu kimeharibika. Vituo vya Huduma vilipoanza jijini Nairobi mwishoni mwa 2013, watu hawakuamini kwamba cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na huduma nyingine vingeombwa chini ya paa moja. Leo kuna vituo zaidi ya 50 kote nchini. Mtandao wa eCitizen nao ulipokuja 2014 uliondoa safari nyingi. Kijana anayetafuta cheti cha tabia njema hujaza fomu akiwa nyumbani, akalipa kwa simu, na akajua siku ya kwenda kuwekewa alama za vidole.

Mbona haya yalifaulu? Sababu moja ni kwamba yalianza na huduma chache kabla ya kupanuka. Nyingine ni kwamba malipo yalipopitia simu, risiti ilimfikia mwananchi papo hapo na nafasi ya kitu kidogo ikapungua.

Hata hivyo, mafanikio nayo yana mtego wake. Katikati ya 2023 serikali ilikimbilia kuweka maelfu ya huduma zake kwenye eCitizen. Kabla ya Julai kwisha, mtandao huo ulishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Huduma zikakwama kwa siku kadhaa, na hata wanaonunua tiketi za treni na tokeni za stima walitatizika. Mayai yote yalikuwa katika kikapu kimoja. Uamuzi wa kuharakisha ulikuwa wa kisiasa. Kuamka usiku kuzima moto ilikuwa kazi ya mafundi.

Wewe na mwanao mfanye nini?

Ikiwa mwanao anasomea kompyuta na ana ndoto ya kuajiriwa na serikali, usimvunje moyo. Serikali inawahitaji vijana kama yeye kuliko wakati mwingine wowote. Lakini mwambie kwamba kujua mashine peke yake hakutoshi. Na asome Sheria ya Ununuzi na ile ya kulinda habari za watu, hata kama hazimo katika mtihani. Ajifunze kueleza shida ya mtambo kwa lugha ambayo mhasibu na diwani wataielewa. Aandike kila onyo analotoa, aweke tarehe na kubaki na nakala, kwani maneno ya mdomo huenda na upepo. Zaidi ya yote, asimwazime mtu nywila yake, hata mkubwa wake. Siku ya siku, mkubwa huyo atasema hamjui.

Wewe mzazi nawe, usiache maswali kwa wataalamu pekee. Katika mkutano wa wazazi, uliza vishikwambi vya shule viko wapi na vilitumika lini mara ya mwisho. Hifadhi risiti na nakala za kila ombi unalotuma kwa mtandao. Na kampeni zitakapoanza tena na mtu asimame juu ya gari kuahidi mashine mpya za shule au hospitali, usiishie kupiga makofi. Muulize betri itakapokufa, pesa za kununua nyingine zitatoka fungu gani. Muulize fundi ni nani na anakaa wapi. Muulize sheria inasemaje, na stima ikipotea mgonjwa atahudumiwa vipi.

Maswali hayo hayana mvuto wa hotuba, lakini ndiyo afisa wa kompyuta angeuliza kama angekaribishwa katika mkutano. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mashine serikali yetu imezizaa nyingi. Tukianza kudai malezi yake kwa sauti ile ile tunayodai zinunuliwe, huenda siku moja karani wa dirishani akasahau yale maneno ya "rudi kesho".